Nafasi ya Ansima kwenye Mstari

Kila Jumamosi nikifika kwa mama, pale Nguba, kabla ya kuulizana habari navuta benchi la mbao, nakaa mbele ya kiti chake na kuinamisha kichwa. Ugonjwa wa sukari ulimwondolea macho kidogo kidogo, na sasa ananitambua kwa mikono. Anaanza utosini, anashuka kwenye paji la uso, anapita mashavuni, kisha anayabana masikio yangu yote mawili kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mikono yake inanukia mafuta yale yale aliyotupaka tukiwa watoto, na harufu hiyo peke yake inatosha kunirudisha kwenye miaka sita. Akisharidhika kwamba ni mimi, mkono wake wa kulia unaniacha. Unakwenda pembeni, upande wangu wa kushoto, unapapasa hewani palipo na kimo cha kichwa changu, haupati kitu, unarudi mapajani. Nadhani yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi najua, na najua mkono huo unamtafuta nani.

Tulizaliwa wawili. Mapasa, ndivyo tunavyowaita mapacha hapa Bukavu. Mimi nilitangulia, Ansima akafuata, na mama akaushika utaratibu huo kama amri ya kanisa. Aliniogesha mimi kwanza, kisha Ansima. Alinipaka mafuta mimi, kisha mkono ukahamia kushoto kwangu, kwa Ansima. Tulilala hivyo, tukala hivyo, tukapanda kilima cha shule hivyo, mimi kulia, yeye kushoto. Tulifanana mpaka baba, karani mwenye umakini wa kupindukia, alikuwa akimwita kila mmoja wetu “weye” tu ili asikosee. Tofauti ilikuwa moja. Sikio la kushoto la Ansima lilikuwa na mkato mdogo tangu alipokwamisha hereni kwenye wavu wa banda la kuku na kukimbia bila kungoja msaada. Alikuwa mtu wa kukimbia bila kungoja. Mimi nilikuwa mwoga, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa jasiri pale tu alipokuwa kushoto kwangu.

Ninyi wa rika langu mliosoma kwa masista mtakumbuka siku ya michezo mwishoni mwa mwaka wa shule, jua la kiangazi limeshakausha udongo na wazazi wamevaa kama wanakwenda misani. Kwetu siku hiyo ilikuwa mali ya Madame Odile, mwalimu wa wadogo, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni na chuki kubwa dhidi ya mbio za kawaida.

“Mbio iko ya benye miguu mirefu,” aliwaambia wazazi kila mwaka. “Miye nataka kila mutoto apate fasi ya kushinda.”

Basi akatubunia mambo yake. Tulikimbia na kiazi kikiwa kimebanwa kati ya magoti, tukitembea kama bata wagonjwa. Tulichota maji kwa vikombe alivyovitoboa kwa msumari, vidole vyetu vikiziba matundu, na aliyejaza chupa ya soda kwanza ndiye aliyeshinda, ingawa wote tulirudi nyumbani tumelowa. Kulikuwa na sahani za unga wa muhogo zenye bonbon, pipi moja, iliyofukiwa ndani, nawe uitafute kwa mdomo, mikono nyuma, mpaka uso wote unakuwa mweupe na mama yako anacheka hadi kushika mbavu. Kulikuwa na mbio za makoti ya akina papa: unavaa koti la baba yako, viatu vyake na kravati yake shingoni, unakimbia bila kuanguka. Uwanja wetu, kama kila kitu Bukavu, ulikuwa umeinama, kwa hiyo kuanguka ilikuwa sehemu ya mchezo.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa akina mama. Watoto wa darasa tulipangwa mstari mmoja, sare ile ile, vichwa vimenyolewa vile vile, na tulikatazwa hata kukohoa. Kila mama alifungwa kitambaa machoni, akapita mstarini akishika vichwa na nyuso, atafute mtoto wake. Akimpata anataja jina lake na kuvua kitambaa. Msidhani ni rahisi. Niliona mama mmoja, mtu mzito wa Legio ya Maria kanisani, akimkumbatia mtoto wa jirani yake kwa mapenzi makubwa huku wake mwenyewe amesimama pembeni akilia.

Mama yetu hakukosea. Tulikuwa na miaka mitano. Alinifikia, akanishika kichwa mara moja, akasema jina langu, na papo hapo, bila hata kusogea, mkono wake wa kulia ukateleza kushoto kwangu na kutua juu ya kichwa cha Ansima. Akaligusa lile sikio. “Na huyu njo Ansima,” akasema. “Batoto yangu mbili.” Watu walipiga makofi, Madame Odile akapuliza filimbi mpaka akaishiwa pumzi, tukapewa beseni la plastiki jekundu na pakiti ya biskuti. Mwaka ule pia tuliingia wawili ndani ya koti moja la baba, kila mtu mkono mmoja, tukashinda. Ansima alisema tutashinda kila mwaka mpaka tuwe mabibi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa bado nyingi Ansima alipopata homa. Siku mbili kabla ya homa hiyo nilikuwa nimemwaga chumvi. Tulikuwa tukicheza duka, mimi muuzaji, nikaangusha kopo zima kwenye tope la uani. Mama aligomba kama mama yeyote: “Sasa nani ataenda kutafuta ingine?” Shikeni neno hilo, maana mimi nililishika.

Asubuhi ya tatu ya homa mama alimfunga Ansima mgongoni kwa kikwembe ili ampeleke hospitali. Mimi nilisimama mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya bega la mama, lakini macho yalikuwa wazi, na aliniangalia.

“Unichungie fasi yangu ku michezo,” aliniambia.

“Nitachunga,” nikasema.

Kisha walikwenda, na mimi nikapelekwa Bagira kwa tonton, ndugu wa mama, ambako nilikula vizuri na kuulizwa mno kama nimeshiba. Niliporudi nyumbani siku nyingi baadaye, viti vya jirani vilikuwa bado uani, na koko, bibi yetu mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Nyangezi na mfuko wake wa nguo, ishara kwamba hatarudi upesi. Kitanda chetu kilikuwa kimetandikwa mto mmoja. Nikauliza Ansima yuko wapi.

“Ansima ameenda kutafuta chumvi,” alisema koko.

Nikamwangalia mama. Mama aliangalia ukuta.

Leo naelewa. Kwa koko na wazee wake, pacha aliyebaki haambiwi kwamba mwenzake amekufa. Wanasema ameenda kutafuta chumvi, na hakuna ruhusa ya kulia, kwa sababu aliyebaki akisikia kilio atajua njia na kumfuata. Koko alikuwa ameshazika mjukuu mmoja na hakuwa na nia ya kuzika wa pili. Aliilinda nyumba ile kama askari. Jirani akianza kufuta machozi alitolewa nje. Baba alikwenda kulia kazini, niliambiwa baadaye, kwenye chumba cha karatasi za zamani. Mama hakulia popote. Alipika, alifua, alinipaka mafuta jioni, na kila jioni mkono ukimaliza kwangu ulikwenda kushoto, ukasita, ukarudi kwenye kopo la mafuta.

Lakini mimi, mwenye miaka sita, nilisikia kilichosemwa. Chumvi niliimwaga mimi, na aliyetumwa ni Ansima. Alitumwa akiwa na homa yake, kwa sababu yangu. Kwamba chumvi ilikuwa ikiuzwa kwenye duka la kona, hatua chache kutoka kwetu, halikunisumbua sana. Nilijiambia labda ya pale iliisha, akaenda mjini, na ya mjini pia iliisha. Watu wazima wana sababu zao. Kilichonisumbua ni namna ya kumjulisha kwamba anaweza kurudi.

Nikaanza kuweka chumvi. Nikitumwa kuileta jikoni, nilichota kidogo kwa vidole viwili na kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga nililolificha chini ya kitanda. Nilikula maharage bila chumvi ili yangu ibaki. Haba na haba hujaza kibaba, mwalimu alitufundisha, na kopo kweli lilianza kuwa zito. Mpango wangu ulikuwa hivi: siku ya michezo Ansima hawezi kukosa, alikwishaniambia nimchungie nafasi. Akifika nitamwonyesha kopo. Ataona chumvi iko ya kutosha, na hataondoka tena.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilimsumbua mama aje. Hakutaka. Alisema kichwa kinamuuma, alisema kuna nguo za kufua. Nililia mpaka koko mwenyewe akasema, “Uende, usimuonyeshe mutoto kama kuko kitu.” Wakaja wote wawili, mama na kitambaa chake cha kijani kichwani, koko na rozari yake.

Kwenye viazi nilikuwa wa mwisho. Kwenye unga sikutafuta bonbon, nilikuwa nikitazama lango. Kwenye makoti nilivaa la baba na kuweka mkono mmoja tu, wa kulia. Ule mwingine niliuacha unaning'inia, maana haukuwa wangu. Nilikimbia hivyo, na nikasikia akina mama waliokuwa wakicheka wakinyamaza mmoja mmoja. Nilidhani wananyamaza kwa sababu nakimbia vibaya.

Halafu tukaitwa kwenye mstari. Nilisimama mahali petu, nikaacha nafasi kushoto, kopo la chumvi chini ya sweta. Msichana mmoja wa darasa letu, Solange, akaja kujaza nafasi ile, kama mtoto yeyote anavyojaza mahali palipo wazi. Nikamsukuma. Akarudi. Nikamsukuma tena, akaanguka na kuchubuka goti.

“Hii fasi iko na mutu,” nikamwambia.

Madame Odile alikuja mbio, filimbi tayari mdomoni. Alimwangalia Solange, akaniangalia mimi, akaangalia ile nafasi. Filimbi ikatoka mdomoni taratibu. Alimwinua Solange, akampeleka mwisho wa mstari, na kwa mkono wake mwenyewe akawasogeza wengine ili nafasi ibaki. Sikumshukuru. Niliona ni haki yangu.

Mama alikuwa wa tano au wa sita kufungwa. Walimfunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Akaanza kutembea, akishika kichwa, akiacha, akishika, akiacha, bila haraka, mpaka akanifikia. Mikono yake ilitua kichwani pangu nikasikia harufu ya mafuta. Alijua mara moja, niliona mabega yake yakishuka. Alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kutaja jina langu na kuvua kitambaa.

Lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshaondoka. Ulikwenda kushoto kwangu, kama ulivyokwenda mwaka uliopita, kama ulivyokwenda kila jioni ya maisha yetu, ukapapasa kichwa cha Ansima na kukuta hewa. Ukashuka kidogo, labda amechuchumaa. Ukapanda. Ukaenda mbele, ukarudi. Vidole vilikuwa vimekaa tayari kushika sikio.

Nikaona mama anashindwa, nikamhurumia, nikavunja sheria ya kutosema.

“Ngoja kidogo, maman,” nikanong'ona. “Ansima bado hayafika. Anakuja.”

Mama alipiga magoti. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu, na sikujua kwamba inatoka kwake mpaka nilipoona kitambaa kimelowa. Kutoka upande wa wazazi nilimsikia koko akimwita mkwewe, “Nyamaza, mukazi mwana, mutoto anasikia, nyamaza.” Mama hakunyamaza. Alivua kitambaa, akanishika uso kwa mikono miwili, macho yake mekundu karibu kabisa na yangu.

“Ansima alikufa,” alisema. “Unasikia, mutoto yangu? Hakuendaka kutafuta chumvi. Alikufa kule ku hospitali, tukamuzika. Hatarudia. Weye hukufanya kosa, na yeye hatarudia.”

Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha nikatoa kopo chini ya sweta na kulifungua.

“Lakini chumvi njo hii,” nikasema. “Iko mingi.”

Mama aliliangalia kopo. Sijui alielewa kiasi gani wakati ule. Nafikiri alielewa yote, kwa sababu alinivuta kifuani kwa nguvu, kopo likabanwa katikati yetu, likapinduka, na chumvi yote ikamwagika kwenye majani. Hapo ndipo nilipolia. Nawaambia ukweli, sikumlilia dada yangu. Nililia chumvi. Nilijinasua kwa mama, nikapiga magoti, nikaanza kuiokota chembe kwa chembe, imeshachanganyika na udongo, na Madame Odile, na unene wake wote, akapiga magoti kando yangu akaokota pia. Kumlilia Ansima kulikuja baadaye, vipande vipande, kwa miaka, na hakujaisha.

Koko hakumsamehe mama upesi. Alibaki kwetu mpaka mvua zikarudi, akinilinda. Nikikohoa aliamka. Nikilala mchana aliniwekea mkono puani kuona kama napumua. Aliamini kwamba mama amenifungulia njia, naye akakaa kwenye njia hiyo kunizuia nisipite. Zamani nilimchukia kwa uongo wake. Sasa nina watoto, na siwezi tena kumchukia.

Mama naye nilimkasirikia, na hili linaniuma zaidi. Kwa muda mrefu nilimwona kuwa ndiye aliyemuua Ansima, pale uwanjani, kwa maneno. Kabla ya maneno yale dada yangu alikuwa safarini. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipotambua kwamba mwanamke yule alikaa miezi bila kulia kwa ajili yangu, kisha akalia kwa ajili yangu pia, kwa sababu aliona peke yake, akiwa amefungwa macho, mzigo niliokuwa nimeubeba. Sikuwahi kumwambia asante. Kila mara nilisema nitamwambia Jumamosi.

Na sasa kumbukumbu zimeanza kumtoka. Si zote. Bei ya unga anaijua. Lakini wakati mwingine ananiuliza kama baba amerudi kutoka kazini, baba aliyekufa tangu zamani. Namwambia ukweli, naye ananijibu: kweli, nilisahau. Hilo nimelizoea.

Jumamosi iliyopita alinipapasa kama kawaida. Utosi, paji, mashavu, masikio. Mkono wa kulia ukaenda kushoto kwangu, ukapapasa hewani. Lakini safari hii haukurudi mapajani. Ulibaki pale juu, wazi, na mama akageuza uso wake upande ule.

“Mwenzako iko wapi?” akauliza.

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Nilijua jibu, alinifundisha yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwa maneno yasiyo na pa kujificha. Nilifungua mdomo niseme alikufa, maman, tulimzika. Nikaangalia vidole vyake, vimekaa tayari kushika sikio. Yeye aliweza. Mimi nilishindwa.

“Ameenda kutafuta chumvi, maman,” nikasema.

Alifikiri. Nilingoja akumbuke, anigombeze, aniambie kwamba na mimi nimekuwa kama koko. Aliushusha mkono taratibu, akaulaza juu ya benchi, kushoto kwangu.

“Basi umuchungie fasi,” akasema.

Nikasogea.